Injinia Gelasius Aliyejenga Mwanza Yote

Ukifika Segese ukauliza kwa Gelasius, utaulizwa Gelasius yupi. Ukisema Injinia, hata mtoto anayekojoa kando ya barabara atakuonyesha kwa mkono uliobaki.

Injinia huyu ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu Hosiana, na mimi nikichoka kutembea nchi za watu huwa napumzika kwao, nakula ugali wao na kumsumbua yeye, maana ndiyo kazi ya shemeji. Uinjinia hakuusomea mahali. Ni fundi mwashi. Kwao ni Ushirombo, Msumbwa wa huko huko, na babu yake alichoma matofali ya misheni. Katika ukoo ule wanaongea habari za matofali kama sisi Wasukuma tunavyoongea habari za ng'ombe: hili limeiva, lile lina ugonjwa, lile baba yake alikuwa nani.

Wenzake walipomiminika Segese na sururu kutafuta dhahabu, yeye alikuja na mwiko na timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama au umelewa. Wachimbaji walimbembeleza, akashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, siku moja. Alipotoka alijikung'uta vumbi akasema, "Chini ya ardhi nitarudi mara moja tu, tena nikiwa nimelala." Hakushuka tena. Akajenga fremu za maduka, vyoo, nyumba za wachimbaji waliopata na vibanda vya wale waliokuwa bado wanangoja kupata. Lipu yake ni laini, unaweza ukajitazama ukanyoa ndevu.

Sasa, uongo ulianza hivi. Segese ni mji wa watu wa kuja. Kuna Waha, Wakurya, Wahaya, Wachaga, Waislamu wa Kigoma na Walokole wa Mbeya, na kila mmoja akitaka kujenga humuuliza fundi, "Ulijifunzia wapi?" Akijibu Ushirombo, ambako ni hapo tu, mtu anakunja uso na kuondoka. Basi siku moja akajibu, "Mwanza." Yule mtu akamvutia kiti. Kuanzia hapo Mwanza ikawa inaongezeka. Mara alibeba zege la benki, mara alipiga lipu ghorofa la forodhani, mara mhandisi Mzungu alilia siku anaondoka. Mwanza yenyewe hajawahi kuitia mguu. Waliojua hivyo ni Hosiana, na mimi, na Mungu.

Shida ilikuja na Mama Loveness.

Mama Loveness jina lake ni Serafina, Mzinza wa Buseresere, mwenye karasha pale Segese, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Ni mwanamke mnene, mpole wa sauti, na hana haraka. Katika mkoba wake kuna kioo, rangi ya mdomo na nyundo. Akiona jiwe popote, hata njiani kwenda kanisani, analigonga, analilamba ulimi uguse, kisha analigeuza juani kuangalia kama kuna kinachong'aa. Watu wa karasha wote ndivyo walivyo, ila yeye amezidi.

Mama Loveness akatangaza kwamba anajenga gesti. Si gesti ya chini, ni ghorofa. Na hapo ndipo moyo wa shemeji ulipodunda, kwa sababu katika maisha yake yote ya kujenga hajawahi kujenga ghorofa hata moja. Magoti yalikuwa yameanza kulia ngazini. Vijana walikuwa wanamnyang'anya kazi kwa picha za majumba walizo nazo kwenye simu, hasa mmoja wa Kahama aitwaye Sostenes, naye ndiye alikuwa anaiwinda gesti hiyo hiyo. Shemeji alikuwa amebaki na vyoo.

"Shemeji," aliniambia siku hiyo, "nikifa sijapandisha ghorofa, mnizike na mwiko wangu nikajaribu huko huko."

Basi Mama Loveness akaja nyumbani mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akasema kwa ile sauti yake, "Injinia, yule kijana ana picha nzuri. Lakini picha naweza kuona hata mimi. Wewe umejenga Mwanza. Twende ukanionyeshe kazi zako kwa macho, nichague sura ya gesti yangu. Nikiridhika, kazi ni yako. Jumatatu twende na gari langu."

Shemeji akasema mgongo unamuuma. Mama Loveness akasema kiti cha gari lake ni kama godoro. Shemeji akasema ana msiba wa mjomba.

"Mjomba yupi?" Hosiana akauliza kutoka jikoni. "Yule uliyemzika mwaka juzi ili usiende kulima? Mwache apumzike, ametolewa kaburini mara nyingi mno."

Asubuhi yake shemeji akanijia nikiwa bado nafunga viatu.

"Mwangaluka, shemeji."

Nikajua kuna jambo. Msumbwa akikusalimia Kisukuma mapema vile, anataka kitu.

"Wewe Mwanza unaijua," akasema.

Kweli naijua. Nilitembeza kofia kule miaka mingi, mtaa kwa mtaa, kilima kwa kilima. Akaniomba niende nao, na tukapanga alama. Mimi nitatangulia kidogo kama mzee anayenyoosha miguu. Tukifika kwenye jengo zuri linalofaa awe amelijenga yeye, nitavua pama yangu, kofia yangu ya ukingo mpana. Hapo atadai. Pama ikibaki kichwani, anyamaze.

"Pama chini, langu. Pama juu, si langu," akarudia mara kadhaa kama mtoto wa komunyo. "Na shemeji, tafadhali, usifanye utani."

Nikamwambia, "Mimi?"

Jumatatu tukaondoka, Mama Loveness usukani, Injinia kando yake amevaa koti la harusi, mimi nyuma na mfuko wake wenye mwiko na timazi. Fundi hasafiri bila mwiko, alisema, kama padri na stola. Tukapita Geita, tukafika Busisi kwenye lile daraja jipya linalovuka ziwa. Mama Loveness akapunguza mwendo. Nguzo zinapanda angani na nyaya zimetandazwa kama nyuzi za zeze.

"Injinia, na hili?"

Mimi niko nyuma, pama haionekani. Nikamwona anahangaika shingo kunitafuta kwenye kioo.

"Hili hapana," akasema mwishowe. "Hili wamelijenga nikiwa naumwa mgongo."

Mwanza ikatupokea na mawe yake. Mgeni akifika mara ya kwanza hushangaa: vilima vyote ni miamba, na juu ya miamba nyumba, nyumba juu ya nyumba, nyingine imekaa juu ya jiwe kama kuku juu ya yai. Shemeji alibaki mdomo wazi. Nikambonyeza mbavu. Mtu aliyeujenga mji hashangai hivyo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Tukaacha gari, tukatembea katikati ya mji, penye maghorofa ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza vya juu, nakshi za maua kwenye saruji na mwaka umechongwa kifuani. Hayo nilipita na pama kichwani, maana yamejengwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Mbele ya benki moja yenye vioo nikavua.

"Lipu ya ndani hapo ni mimi," akasema Injinia.

"Ya ndani," Mama Loveness akasema. "Basi haionekani."

"Haionekani, lakini ipo."

Mbele ya jengo la ghorofa nyingi lenye rangi ya udongo nikavua tena. "Ngazi," akasema. Kwenye kipilefti ya samaki, pale aliposimama sangara wa saruji, jua likanichoma, nikavua nijipepee kidogo tu. Nilipogeuka, shemeji alikuwa tayari anamwonyesha Mama Loveness mkia.

"Mkia tu," alikuwa anasema kwa unyenyekevu. "Kichwa alifanya mwenzangu."

Mama Loveness akamtazama yule samaki, akamtazama Injinia, akanitazama mimi. "Mkia mzuri," akasema.

Hapo mimi shetani akanishika mkono. Tukateremka hadi ufukweni, mahali wageni wanapopigia picha, penye lile Jiwe la Bismarck, jiwe kubwa limesimama majini juu ya mawe mengine kana kwamba ukipiga chafya litaanguka, na halianguki. Liko vile tangu dunia iumbwe. Nikasimama mbele yake. Nikamwona shemeji anakuja, macho kwenye kichwa changu. Nikavua pama. Nikaishika kifuani kabisa, asije akasema hakuiona.

Alisimama. Aliangalia jiwe. Akaangalia pama. Jasho likamtoka, lakini mapatano ni mapatano.

"Na hapa pia," akasema kwa sauti ya mtu anayetapika, "nilifanya kazi kidogo."

"Hapa wapi, Injinia?" Mama Loveness akauliza. "Kwenye ukingo huu?"

"Kwenye jiwe."

Kulikuwa na wageni wanapiga picha. Wakageuka.

"Uliliweka wewe?"

"Kuliweka sikuliweka. Lilikuwepo. Mimi nilisawazisha tu. Lilikuwa limeinama kidogo huku."

Mama Loveness hakucheka. Alinyanyuka kwa vidole kama anayetaka kuona vizuri pale liliposawazishwa. "Mikono yako ni ya ajabu," akasema, akaenda kununua karanga.

Shemeji akanishika kola. "Wewe mzee, utaniua!"

"Nimefukuza nzi."

"Nzi gani? Ukivua tena ovyo nakuacha Mwanza, dada yako nitamwambia umeliwa na mamba."

Nikaapa. Na naapa tena hapa: lililofuata halikuwa utani wangu.

Mama Loveness alikuwa ameona hoteli moja jina lake nisilitaje, imebandikwa mawe upande wote wa mbele, mawe bapa ya kijivu na kahawia, kuanzia chini mpaka paani. Alisimama ikamwingia moyoni. "Sura ndiyo hii," akasema. "Hii hii." Mimi nilikuwa pembeni nikijua vizuri kwamba hii haifai kudaiwa, maana mlinzi yuko mlangoni na wenyewe wako ndani. Pama ilikuwa imekaa kichwani kama imepigiliwa misumari.

Saa sita kengele ya kanisa ikalia.

Sasa mtu wa kwetu, aliyekulia chini ya kengele ya misheni, ikilia mchana akiwa shambani anaweka jembe chini, anavua kofia na kusali Malaika wa Bwana. Hafikiri. Mkono unakwenda wenyewe. Pama ikatoka, nikafumba macho. Shemeji naye ni Mkatoliki, naye angepaswa kufumba yake, lakini siku hiyo dini yake yote ilikuwa kwenye kichwa changu. Nikiwa katikati ya Salamu Maria nikamsikia anasema kwa sauti kubwa, ya mtu aliyeona wokovu:

"Mama Loveness, ukuta huu ni wangu! Wote! Juu mpaka chini!"

Nikafumbua macho, nimechelewa. Mama Loveness alikuwa ameshatia mkono mkobani. Akakisogelea kipande cha jiwe, akakilamba.

"Wee mama!" mlinzi akaita. "Unalamba hoteli?"

"Natazama kama lina kitu, mwanangu," akasema. "Halina." Kisha akatoa nyundo, akaligonga. "Injinia, mbona linalia tupu?" Akagonga tena, ko, ko, polepole tu, kama anayebisha hodi. Jiwe moja likaanguka. La pili likalifuata kuliuliza linakwenda wapi. Halafu kipande kizima, upana wa mlango, kikashuka chini kwa kishindo, vumbi likafunika koti la harusi.

Akatoka meneja, dada mwembamba mwenye jina Dorah kifuani. "Nani amevunja ukuta?"

"Shikamoo zije baadaye, mdogo wangu, usiogope," Mama Loveness akasema. "Aliyeujenga tuko naye. Huyu hapa."

Dorah akamtazama shemeji toka viatuni mpaka nywele.

"Ni wewe?"

Shemeji akapangusa vumbi usoni.

"Ni wewe uliyetujengea ukuta huu, ukachukua hela, ukazima simu? Tangu mwaka ule mawe yanadondoka! Mgeni juzi jiwe limemwangukia kwenye supu! Tumekutafuta mpaka Musoma!" Akamgeukia mlinzi. "Funga geti."

Geti likafungwa. Shemeji akanitazama. Nikavaa pama haraka, nikaivuta mpaka masikioni, niseme nini tena? Njia zilikuwa mbili, na zote zilikuwa wazi hata kwangu. Aseme, "Si mimi, sijawahi kufika Mwanza," mlinzi afungue geti, na ghorofa liende kwa Sostenes na picha zake. Au aseme ni yeye.

Shemeji akajikung'uta koti.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa njiani nakuja."

Akausogelea ukuta, akapitisha kiganja pale palipobaki wazi. Na hapo nikaona uso wake unabadilika, hofu inatoka na hasira inaingia, hasira ya kweli ya fundi.

"Tazama mjinga huyu!" akafoka. "Amebandika jiwe juu ya lipu laini! Hakuichokonoa hata kidogo ili jiwe lishike! Saruji yenyewe kidogo, kama ameiombea sadaka. Mtu mshenzi kabisa!"

"Mshenzi yupi?" Dorah akauliza.

Shemeji akakumbuka. "Mimi," akasema. "Miaka ile nilikuwa mshenzi sana."

Mama Loveness akageuka kwa haraka akatazama barabarani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani ni vumbi.

Tukakaa Mwanza hadi ukuta ulipokwisha. Hoteli ilitoa saruji, mchanga na chumba cha nyuma, shemeji akatoa koti. Alibomoa mawe yote, akaichokonoa lipu mpaka ikawa kama uso wa mwenye ndui, akaimwagia maji, akaanza upya jiwe moja moja na timazi yake ikining'inia. Akiwa kazini alimtukana yule fundi aliyemtangulia, na kila akikosea akasema "yeye", Dorah alimkumbusha, naye akasema "mimi, ndiyo, mimi, mbwa kabisa." Wapishi wakawa wanatoka jikoni kuja kumsikiliza anavyojitukana. Mama Loveness aliwekewa kiti kivulini, akanywa soda na kutazama. Jiwe likikauka anakwenda, anagonga na nyundo yake, anasikiliza, anarudi kukaa. Siku ya mwisho aligonga ukuta mzima, mlinzi akifuata nyuma kwa wasiwasi. Halikutoka hata vumbi.

Dorah alimpa shemeji mkono. "Umechelewa, lakini umekuja," akasema.

Tulipokuwa tunavuka tena lile daraja, Mama Loveness akasema akitazama mbele yake, bila kugeuka, "Injinia, kazi ni yako."

Shemeji alishika timazi mapajani kama rozari.

"Ila kuna kitu kimoja. Mbele ya gesti nataka jiwe. Kama lile la ziwani. Limesimama juu ya jingine hivi hivi, wageni wapigie picha. Kwa kuwa wewe kusawazisha unajua."

Mimi nikaanza kuhesabu nyaya za daraja.

Nilimpata peke yake Geita, tuliposimama kununua nanasi. "Mama Loveness, ulijua lini?"

"Mzee Gregory," akaniambia, "mkono wako ulivyokuwa unapanda na kushuka, nilidhani umevamiwa na nyuki. Nilijua kwenye benki. Kwa samaki nilikuwa naburudika tu." Akanusa nanasi. "Nilitaka nimrudishe nyumbani na aibu yake, nimpe kazi kijana. Halafu nikamwona anavyomtukana yule mshenzi. Nikasema huyu ukuta wangu hatauacha unalia tupu."

"Na jiwe je?"

"Jiwe ni adhabu. Na wewe utamsaidia kusukuma."

Gesti imekwisha. Ni ghorofa kweli, na lipu yake unaweza kunyolea ndevu, juu na chini. Siku wanamwaga zege la juu shemeji alivaa lile koti, likiwa na vumbi la Mwanza, akakataa lifuliwe. Kuhusu jiwe, nisiseme sana, mgongo wangu bado haujasahau. Tulilitoa kilimani, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Alirundika udongo kuwa mteremko mpaka usawa wa jiwe la chini, wachimbaji wakalivingirisha juu ya magogo wakiimba nyimbo za kulima, mimi nikisukuma kwa mdomo zaidi. Likifika, linaanguka upande. Analitazama, anaweka kabari, anapima na timazi, linaanguka upande mwingine. Hosiana alikuwa anakuja na uji na kumwuliza kama lile la ziwani lilimsumbua hivi hivi. Lakini siku moja udongo ukaondolewa na jiwe likabaki limesimama, limeshikilia mahali padogo kama kiganja, na halikuanguka, na mpaka leo halijaanguka. Magari ya kwenda Kakola yanasimama. Watu wanapiga picha, wanaegemea kama wanalisukuma.

Juzi nilirudi toka Ushirombo nikamkuta shemeji amekaa kwenye kibaraza cha gesti. Wachimbaji wageni, vijana wa mbali, walikuwa wanalizunguka jiwe wakistaajabu.

"Jamani, Mungu fundi," mmoja akasema.

"Hilo niliweka mimi," shemeji akasema toka kibarazani.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mzee, na mlima ule pale je? Na wenyewe uliuweka wewe?"

"Nasema niliweka mimi! Kwa mikono hii!"

"Haya, Injinia, haya. Tumekubali."

Mama Loveness alikuwa dirishani ghorofani, amesikia yote. Alifunga pazia tu. Hosiana akapita na ndoo ya maji akijifanya kiziwi. Shemeji akawatazama wote, mmoja mmoja, macho yamemtoka, kisha akanigeukia mimi niliyesimama barabarani na mzigo wangu.

Nikavua pama.